Kuongeza vyumba viwili Kiamunyi kwa 1,350,000: nijenge au nihame?

Kiamunyi_Juu
Habari za jioni wadau. Naomba mawazo kabla sijasaini kitu nitakachojutia.

Nina nyumba ya mawe, vyumba viwili vya kulala, ploti ya futi 50 kwa 100, huku Kiamunyi, Nakuru. Niliijenga 2014 tukiwa wawili na mtoto mmoja mgongoni. Sasa watoto ni watatu: msichana wa miaka 14 aliye Gredi ya 9, na wavulana wa miaka 11 na 6. Wote watatu wanalala chumba kimoja na msichana ameshaanza kununa, na ana haki. Juu ya hilo, mama yangu yuko Butere, ana miaka 74, magoti yamekataa. Nataka nimlete akae nasi.

Fundi amenipa hesabu ya kuongeza vyumba viwili na bafu upande wa nyuma: 1,350,000. Nimeweka akiba ya 550,000. Sako yangu (chama cha akiba na mikopo) iko tayari kunipa 800,000, miezi 48, asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mama watoto anasema tujenge. Shemeji yangu anasema nitakuwa nimezika pesa ardhini, eti bora tutafute nyumba kubwa tupange, hii tuipangishe.

Nimeshanunua futi 300 za mawe kwa sababu lori lilikuwa linapita na bei ilikuwa nzuri. Msinicheke.

jirani_mkimya
Umenunua mawe halafu unauliza kama ujenge. Hiyo ni kama kuchinja mbuzi ndipo uulize kama kuna harusi.

Kitabu_cha_Deni
Ndugu, mimi ni mweka hazina wa chama, kwa hivyo nianzie penye ugonjwa wangu. Gharama yako si 1,350,000. Chukua 800,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, miezi 48: utalipa kama 21,070 kila mwezi, jumla 1,011,000 hivi. Riba peke yake ni 211,000. Kwa hivyo vyumba hivyo ni 1,561,000 hata kabla fundi hajaanza ule wimbo wao wa "boss, simiti imeisha".

Na hiyo ni kama hesabu ya fundi ni kamili. Weka hapa orodha aliyokupa tuione.

Kiamunyi_Juu
Hiyo riba sikuwa nimeijumlisha. Nilikuwa naangalia 21,000 ya mwezi tu na kuona naiweza.

Orodha kwa ufupi: msingi, kuta, rinta na bimu ya juu, paa la mabati na mbao, plasta, sakafu, madirisha ya chuma, kazi ya mafundi. Ameandika "bafu kamili" kwa mstari mmoja.

FundiTena
Salamu wakubwa. Mimi ni mwashi, nimejenga Bahati, Lanet mpaka Njoro miaka 19. Sitaki kumharibia mwenzangu kazi lakini orodha hiyo ina mashimo, na kubwa zaidi ni shimo lenyewe. Sioni pahali choo kinamwaga. Sioni milango. Sioni stima. Sioni rangi. Sioni dari. "Bafu kamili" kwa mstari mmoja ni bafu ambalo utalikamilisha wewe.

Mawe nikufundishe kupiga mwenyewe, usiuziwe hewa. Chumba cha futi 12 kwa 12 kinachoegemea nyumba ya zamani kina kuta mpya tatu, yaani futi 36 za urefu. Jiwe la inchi 9 kwenda juu, ukuta wa futi 9, ni kozi 12, yaani safu 12 za mawe. 36 mara 12 ni futi 432. Toa mlango na dirisha, ongeza yanayovunjika, unarudi karibu palepale. Sasa mawe yako futi 300 hayajengi hata chumba kimoja. Na msingi sijauhesabu.

Swali langu moja: shimo la maji taka la sasa liko wapi?

Kiamunyi_Juu
Nyuma ya jikoni. Sijawahi kulipima.

FundiTena
Kapime sasa hivi, hata kama ni kwa hatua za miguu. Kisha urudi.

nyar_kano
Wakati anapima nisimulie yangu, ya Kisumu, upande wa Nyamasaria. Kule kwetu ardhi ni ule udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unavimba kama maandazi, kiangazi unapasuka unaweza kuingiza mkono. Nyumba ya kwanza tuliichimbia msingi vizuri, tukautoa udongo wote mweusi mpaka tukafika murram ngumu, tukajaza mawe. Hiyo nyumba haijawahi kunisumbua.

2019 tukaongeza chumba na sebule ndogo. Fundi akasema kwa vile ni chumba tu, futi mbili zinatosha. Mimi nani nibishane na mwanamume mwenye timazi? Mvua za kwanza, nyumba ya zamani ikabaki imetulia, ile mpya ikaanza kwenda safari zake. Ufa ukatokea palepale zinapokutana, kutoka sakafuni hadi kwenye mabati. Mwezi wa nne unaweza kupitisha sarafu ya shilingi 20. Mlango ukakataa kufunga. Tukaziba, ukafunguka. Tukaziba tena na waya wa kuku na plasta, ukafunguka pembeni.

Omera, mwishowe tulibomoa ukuta mmoja tukachimba upya. Kile chumba nimekijenga mara moja na nusu.

Kwa hivyo uliza msingi wa nyumba yako ya 2014 ulikwenda futi ngapi, na huo mpya usiwe mfupi kuliko huo.

FundiTena
Dada amesema kweli tupu. Nakuru si udongo mweusi sana lakini sisi tuna shida yetu: majivu ya volkano. Kiamunyi mko chini ya Menengai, ardhi ni majivu na vijiwe vyepesi, ikiwa kavu inasimama wima kama keki, ikilowa inashuka. Nyumba ya miaka kumi imeshamaliza kushuka kwake. Mpya ndiyo inaanza. Ukizifunga pamoja kwa simiti tupu lazima moja ivute nyingine. Ndiyo maana sisi huacha nafasi ndogo kati ya kuta, tunajaza kitu laini, tunafunika kwa kipande cha bati au mbao. Mteja akiona ile nafasi analalamika kwamba tumeiba simiti.

Na maji ya paa yasimwagike pale nyumba mbili zinapokutana. Paa jipya likiingia chini ya la zamani, mteremko unapungua, maji yanarudi nyuma chini ya bati. Kila nyumba iliyoongezwa ninayoitwa kurekebisha, tatizo ni pale.

Kiamunyi_Juu
Nimerudi. Nimepima kwa kamba. Mfuniko wa shimo uko futi 5 kutoka ukuta wa nyuma.

Chumba ni futi 12.

jirani_mkimya
Mama atalala juu ya hazina.

FundiTena
Ndiyo sababu niliuliza. Fundi wako alikuja kupima saa ngapi, usiku? Kabla ya jiwe la kwanza lazima uhamishe shimo, ulifukie la zamani vizuri kwa tabaka, uchimbe jipya, upeleke mabomba. Hiyo ni pesa ambayo haionekani ukimaliza. Hakuna mgeni atakayesema "lo, shimo zuri". Na kwa watu sita badala ya watano, pamoja na bafu la pili, lisiwe dogo kama la kwanza.

Mpimaji58
Nimekuwa nikisoma kimya. Kazi yangu ni kuthamini nyumba, naishi Section 58. Ngoja nijibu upande wa shemeji, maana yeye hajakosea kabisa.

Watu hufikiri ukiweka milioni moja na nusu kwenye nyumba, thamani inapanda milioni moja na nusu. Haiwi hivyo. Mnunuzi wa Kiamunyi analipia kwanza ploti, barabara, maji na hati. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021 kila mwenye ploti anajiona tajiri, lakini ni ardhi iliyopanda, nyumba huzeeka kama sisi. Vyumba vya ziada vinasaidia iwapo majirani nao wana nyumba za vyumba vitatu au vinne. Na vikiongezwa vibaya, yaani unapita chumba cha mtu kwenda cha mwingine, au sebule imepoteza dirisha ikawa giza, thamani inaweza hata kushuka. Nimeona sebule inawashiwa taa saa sita mchana kwa sababu dirisha lake sasa linatazama chumba cha kulala.

Kama huna mpango wa kuuza, sahau thamani. Jiulize chumba kitalaliwa na nani, kwa miaka mingapi. Msichana wa Gredi ya 9 mwakani yuko Gredi ya 10, na akienda shule ya bweni utamwona likizo tu. Baada ya miaka minne hayupo. Kijana wa miaka 11 anamfuata. Utamaliza deni la sako na chumba kinahifadhi masanduku.

Sasa njia ya shemeji. Nyumba yako ya vyumba viwili ingepangishwa ngapi?

Kiamunyi_Juu
Majirani wanapata 20,000. Ya vyumba vinne niliyoulizia Ngata ni 32,000.

Mpimaji58
Tofauti 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Gawanya 1,561,000 kwa hiyo, ni karibu miaka 11 ya kupanga nyumba kubwa, na wakati huo watoto wawili wa kwanza wana maisha yao. Kodi ya serikali: pato lako ni 240,000 kwa mwaka. Ile kodi ya mapato ya nyumba ya kila mwezi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, inaanzia 288,000 kwa mwaka, kwa hivyo haikuhusu, ila pato hilo bado unalitangaza kwenye ritani yako ya mwaka. Toa pia miezi ambayo nyumba itakuwa tupu na rangi kila mpangaji akitoka. Bado hesabu ya shemeji inasimama.

MamaWaWatatu_FreeArea
Hesabu inasimama lakini anayehesabu ni nani? Nimewahi kufanya hivyo, kaka. Tulipangisha yetu tukahamia kubwa. Mpangaji alilipa miezi minne, wa tano akaanza hadithi, wa saba akahama usiku na vitasa vya milango. Huku nako mwenye nyumba akatupandishia kodi. Nikawa mpangaji na mwenye nyumba siku moja, nadaiwa na nadai, na pote nalia mimi. Sisemi usifanye. Nasema weka na machozi kwenye hesabu.

Halafu wanaume mnaongea mawe na riba kurasa mbili, hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Kiamunyi_Juu, umemuuliza mama?

Kiamunyi_Juu
Nimemuuliza kama magoti yanamuuma, akasema ndiyo.

MamaWaWatatu_FreeArea
Hilo si swali nililouliza.

Kitabu_cha_Deni
Hapo dada ametupiga sote.

Wakati unapiga simu, jambo la kibali. Watu hudhani kuongeza chumba si kujenga. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti kabla ya kuanza. Ukipatikana bila hiyo, faini ni hadi 500,000, au kifungo cha hadi miezi 2, au vyote pamoja. Wengi wanajenga wikendi nyuma ya geti na hawashikwi. Lakini siku ya kuuza au kuombea mkopo wa benki, mthamini anakuja na mchoro ulioidhinishwa una vyumba viwili na yeye anahesabu vinne.

Mpimaji58
Na mthamini huyo ni mimi.

Mlanet
Samahani kuingilia. Mimi niko Lanet, najenga chumba cha stoo na duka mbele. Hayo mawe futi 300 ni ya inchi 9 kwa 9 au 6 kwa 9?

Kiamunyi_Juu
9 kwa 9. Tulia kwanza ndugu yangu, sijaamua.

Kiamunyi_Juu
Wadau, samahani kwa kimya cha siku tano. Nilikwenda Butere Ijumaa, nimerudi jana.

Nilimkuta mama ameketi kwenye veranda anachambua kunde. Nikamweleza yote, chumba chake, dirisha upande wa jua la asubuhi, bafu karibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hapa nani atafungua mlango asubuhi?"

Nikasema tutatafuta mtu. Akaniuliza huyo mtu atamjua ng'ombe kwa jina? Baba amelala pale mbele ya nyumba tangu 2016. Akasema hawezi kumwacha na mtu wa kulipwa. Akasema Nakuru nilipomleta mara ya mwisho alikaa wiki tatu anahesabu magari kupitia geti, hakuna anayemwamkia kwa jina, na vumbi lile la Januari likamkaba kifua. Wajukuu anawapenda lakini wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni.

Nikamuuliza basi shida yako ni nini hasa, mama. Akacheka. Akasema shida yake ni choo. Kiko hatua arobaini kutoka mlangoni, nyuma ya migomba, ni cha kuchuchumaa. Butere mvua ni ya kila jioni mnajua. Usiku magoti yakiwa mabaya hanywi maji tangu saa kumi ili asiende. Hanywi maji. Mimi mtoto wake nilikuwa napanga kuhamisha shimo Kiamunyi.

Niliona aibu, sitaficha.

nyar_kano
Wazee wetu hawasemi mpaka uulize mara ya tatu. Mamangu alilala kwenye kitanda kilichovunjika mwaka mzima, eti hakutaka kutusumbua.

MamaWaWatatu_FreeArea
Usione aibu, umeenda. Wengi hutuma pesa ya dawa na kuridhika.

FundiTena
Sasa tuna kazi ya maana. Mjengee choo na bafu ndani, kiegemee chumba chake cha kulala. Nyumba ya Butere ni ya nini?

Kiamunyi_Juu
Matofali ya kuchoma, plasta nje, bati. Chumba chake kiko pembeni na kina ukuta wa nje, kwa hivyo mlango unaweza kutobolewa. Maji ni ya mvua, ana tangi la lita 2,300 na kuna kisima cha jirani.

FundiTena
Vizuri. Tumia matofali ya hukohuko, usisafirishe mawe kutoka huku, nauli itakula mfuko. Futi 6 kwa 8 inatosha. Mambo ambayo fundi wa kijijini atayasahau usipomsimamia: sakafu ya bafu ilingane na ya chumba, pasiwe na ngazi hata ya inchi mbili, maana hiyo ndiyo humwangusha mzee. Mlango uwe futi 3, siku moja huenda akahitaji kiti cha magurudumu au mtu wa kumshika upande. Choo cha kukalia, kirefu kidogo. Bomba la chuma la kushikilia ukutani, lifungwe wakati wa kujenga, lisije likabandikwa baadaye kwenye plasta. Taili zisiwe za kuteleza. Tangi la pili dogo lipandishwe juu ili maji yashuke yenyewe hata stima ikipotea. Shimo liwe chini ya mteremko, mbali na kisima cha jirani.

Na mvua ya kule si ya mchezo. Pale bati la bafu linapokutana na la nyumba, weka mfereji mpana.

Kitabu_cha_Deni
Shamba liko kwa jina la nani? Ndugu zako wanajua? Nauliza kwa sababu nimeona watu wakishtakiana kwa sababu ya kisima.

Kiamunyi_Juu
Liko kwa jina la baba, urithi bado haujaandikishwa, kesi tutaifungua Agosti tukikutana wote. Nimewapigia simu kaka wawili na dada. Kaka mkubwa alisema choo cha mama hakihitaji kikao. Dada ametoa 30,000.

Hesabu ya fundi wa Butere, mwenye orodha ya kurasa mbili safari hii, ni 265,000 pamoja na shimo, mlango na stima. Natoa kwenye akiba. Sako nimewaambia wasubiri.

Mpimaji58
Na watoto?

Kiamunyi_Juu
Mama watoto ndiye aliyemaliza hilo, mimi nikiwa Butere. Sebule yetu ni futi 14 kwa 20, kubwa kuliko akili tuliyokuwa nayo 2014. Upande wa mashariki kuna dirisha ambalo tumeliziba kwa kabati la vyombo vya wageni. Kabati linatoka, ukuta wa mbao na bodi unawekwa futi 9, msichana anapata chumba chake chenye dirisha lake. Fundi seremala amesema 58,000 na mlango. Siku akiondoka tunaubomoa, sebule inarudi.

Msichana ameshachagua rangi. Zambarau. Nimesalimu amri.

jirani_mkimya
Kabati la vyombo vya wageni litakwenda wapi? Hilo ndilo swali la nyumba.

Kiamunyi_Juu
Butere. Mama amelitaka tangu 2014.

nyar_kano
Hahaha. Mama alikuwa na mpango wake tangu mwanzo.

Mlanet
Mkubwa, mawe?

Kiamunyi_Juu
Yapo. Futi 300, hayajaguswa, isipokuwa mawili ambayo kijana ameyafanya goli. Bei niliyonunulia, wewe ulete lori.

Mlanet
Jumamosi saa tatu niko hapo. Hayo mawili mwachie kijana.